Sidii za Kufukuzia Ndege

Mimi ni kungwi. Mabinti niliowafunda, hapa Mafiga na kule kwetu mlimani, wengine sasa wana wajukuu, na wote niliwaambia neno moja: wivu uweke chini ya mkeka, halafu ukalie. Nilisema hivyo kwa ukali, fimbo ya mpera mkononi, na hakuna aliyethubutu kucheka. Kisha mimi mwenyewe, mtu mzima mwenye mvi, nikashindwa na mashine.

Mume wangu alikuwa fundi umeme kiwandani. Miaka ile king'ora cha kiwanda kikilia mtaa mzima unajua saa. Ikaja ruksa, kila mwenye fedha akaruhusiwa kuagiza bidhaa. Vitu vya nje vikajaa sokoni, vyepesi, vya rangi nzuri, watu wakaacha vya kwetu. Baadaye kiwanda kikabinafsishwa. Aliyekinunua alikaa nacho kidogo, akafunga geti, akaweka mlinzi na mbwa. Mume wangu akarudi nyumbani na sanduku lake la vifaa, akalisukuma mvunguni, akakaa barazani.

Alikaa barazani miaka. Watu walinipa pole. Niliitikia, lakini hapa nasema kweli: nilipenda. Alikuwa wangu mchana kutwa. Alinichambulia mchele, akinitolea mawe na kunilaumu kwamba sioni. Alinisimulia yote aliyoyasikia redioni, na mimi nikimbishia hata yale niliyoyakubali, ili aendelee. Tulikuwa tunagombana vizuri sana.

Siku moja akaja anasukuma baiskeli. Kwenye keria kuna kasha la bati limefungwa kwa mpira wa tairi, na juu yake kitu kama televisheni iliyovimba mgongo. Ofisi moja mjini imeletewa kompyuta mpya, akasema, hizi za zamani wanazitupa. Ameziomba wakampa. Zipo nyingine, atazifuata.

Akataka chumba cha mpunga. Mimi nina majaruba Dakawa, ninalima pamoja na mdogo wangu aliyeolewa huko, na mpunga wangu niliuweka katika kile chumba kidogo cha uani. Nilinuna, lakini mwanaume aliyekaa barazani miaka yote ile akiomba kitu utamnyimaje? Magunia yakahamia chumbani kwetu, nikawa nalala nayakanyaga.

Jioni ile ile aliniita. "Mama watoto, njoo uone. Imewaka."

Nikamjibu nikiwa jikoni, "Panya wakimaliza mpunga wangu, hilo bati litatulisha?"

Niliona nimejibu vizuri. Hakuniita tena.

Basi akawa mtu wa kile chumba. Anatoka kuswali, anakula, anarudi. Anachukua kompyuta tatu mbovu anatoa moja nzima. Nikipita dirishani namsikia anazungumza: anabembeleza, anafoka, anacheka peke yake. Miaka arobaini na zaidi nimeishi naye, hajawahi kunibembeleza kwa sauti ile. Chai yangu inapoa mlangoni. Nikimuuliza kuna nini mle ndani, ananijibu kama anayemjibu mtoto aliyeuliza mbingu ina urefu gani.

Mara moja tu alinieleza, tukiwa tunakula. Alisema kompyuta bila programu ni bati tu. Programu nyingine zina mwenyewe, ukizitumia bila ruhusa yake umeiba. Lakini zipo nyingine huria, zimeandikwa na watu wasiojuana, wa nchi mbalimbali, na kila mtu anaruhusiwa kuzifungua, kuzitengeneza apendavyo, na kumpa jirani. Akasema, "Kama mbegu ya maharage ya kwenu mlimani. Nani aliwahi kuuziwa? Unaomba, unapewa, ukivuna na wewe unampa mwingine."

Hilo nililielewa. Nilitaka kumuuliza, sasa hao watu wanakula nini, lakini alikuwa ameshanawa mikono na kuondoka.

Hizo programu zilimjia kwa posta kutoka nje, bure, ndani ya bahasha, katika zile sahani ndogo zinazong'aa. Sidii. Alizitundika kwenye msumari ukutani, moja juu ya nyingine.

Hapo ndipo alipoingia yule mwalimu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, Mkristo wa kutoka Mbeya, anafundisha hesabu shule ya msingi na anakaa upande wa Mazimbu. Alisikia kuna mzee anafufua kompyuta, akaja kuomba msaada. Shuleni kwao kuna stoo, mwalimu mkuu amemwachia aifanye darasa la kompyuta kama ataweza.

Sina la kumsingizia. Alipiga hodi, akavua viatu, akanipigia shikamoo huku amepinda goti. Nikaitika marahaba. Alivaa gauni refu, na nywele alisuka za mkono, si za duka. Kama angekuwa hana adabu kazi yangu ingekuwa rahisi.

Akawa anakuja kila Jumamosi. Walikuwa na kazi ya kupunguza programu moja kati ya zile huria ili iingie katika mashine kongwe, na kuweka ndani yake mafunzo ya hesabu kwa Kiswahili. Mimi nilielewa hivyo. Kilichonikata maini ni kwamba yeye alielewa zaidi. Anauliza swali, mume wangu anainuka kwenye kiti. Anamwambia, "Hapana, fundi, hapo umekosea," na mume wangu, ambaye mimi nikimwambia amekosea hanisemeshi mpaka kesho, anacheka na kusema kweli, nimekosea. Nikiingia na chai wananyamaza. Ningewakuta wanaongea siri ningejua la kufanya. Walinyamaza kwa sababu waliona mimi sitaelewa. Wananishukuru kwa chai, wananisubiri nitoke.

Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Mwanaume anakuja na panga lake na siku akiondoka anaondoka na panga lake. Kwa hiyo sikuogopa kufukuzwa. Niliogopa kuachwa nikiwa humo humo ndani, nikipika. Dini inamruhusu wa pili, na mimi nilikwisha kumwona wa pili, anavua viatu mlangoni kwangu kila Jumamosi.

Kisha nikakosa kanga.

Nilikuwa na doti moja nyekundu, yenye michoro ya korosho, niliyoivaa siku binti yangu wa mwisho anaolewa. Maneno yake siyasemi hapa, lakini yalikuwa maneno ya kumwambia mume. Nikafungua sanduku, nakuta moja, mwenzake hayupo. Nikapekua nyumba nzima. Wiki ile ile mwalimu aliugua malaria, mume wangu alikuwa amekwenda mjini kutafuta nyaya, nikasema nitampelekea uji, maana jirani ni jirani. Nafika, nakaribishwa ndani, naangalia mezani. Kompyuta, na juu ya kompyuta, imefunikwa vizuri mpaka pembeni, kanga yangu.

Asiyejua kanga ataniona nina kichaa. Doti ni kanga mbili, na haigawanywi ovyo. Unagawana na mwanao, unagawana na shoga yako wa kufa na kuzikana. Na mwanaume mwenye wake wawili, akiishiwa, anaweza kununua doti moja akaikata, huyu nusu na yule nusu, asilalamike mtu. Nilimpa mwalimu uji wake. Nikamwambia ugua pole. Nikatembea kwa miguu kutoka Mazimbu hadi Mafiga, na ile milima yetu iliyokuwa mbele yangu njia nzima sikuiona.

Nyumbani nikaingia kile chumba. Koti lake lilikuwa nyuma ya mlango. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa kitambaa, ndani ya kitambaa sidii moja, na juu yake maandishi ya wino mwekundu, mwandiko wa kike wa kuunganisha. Mimi nilisoma madarasa mawili, nikamalizia ngumbaru, kisomo cha watu wazima. Herufi zikiachana nazisoma. Zikishikana mikono hivyo, sizijui. Lakini niliujua mwandiko, kwa sababu aliwahi kutuachia karatasi mlangoni. Kwa nini hii haikutundikwa na wenzake? Kwa nini ilale mfukoni karibu na moyo, ndani ya kitambaa? Nikaona hiki ndicho kithibitisho. Nitakitunza, nitapanda nacho mlimani kwa mjomba wangu, mkubwa wa ukoo, kitasomwa mbele ya watu. Nikaizika katikati ya gunia la mpunga, nikashona mdomo.

Zile za msumarini nikazichukua zote, nikazitia kapuni.

Mpunga ulikuwa umeanza kuweka maziwa, na mdogo wangu alikwisha kuniletea salamu kwamba ndege wanatumaliza. Huko Dakawa watu hutundika kanda za kaseti zilizokatika, zinalia kwenye upepo, na mwenye bahati akipata sidii mbovu anatundika. Jua likiipiga, ndege anadhani ni moto. Kesho yake asubuhi nikaenda. Nikafunga uzi, nikachomeka fito, nikatundika moja moja. Mdogo wangu akaniuliza hizi nzuri hivi nimezitoa wapi. Nikamwambia ni za mke mwenzangu. Alicheka mpaka akashika kiuno, halafu akaona mimi sicheki, akarudi kunishikia uzi. Kundi la ndege lilikuja, likageuka hewani kama kitambaa kinachokung'utwa, likaenda jaruba la jirani. Niliona raha. Sitadanganya. Niliona raha kuliko siku yoyote mwaka ule.

Niliporudi mume wangu alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono imening'inia.

"Mama watoto, sidii ziko wapi?"

"Zinafukuza ndege."

Alikaa chini taratibu. Hakufoka. Akanieleza kwa sauti ndogo kwamba wiki iliyopita umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, ukaunguza ile kompyuta yenye kazi yao ya mwaka mzima. Imebaki nakala moja tu, ya sidii, ambayo kijana mmoja wa chuo aliwatengenezea kwa mashine yake. Jumatatu kamati ya shule inakuja. Wakikuta kompyuta hazina kitu, stoo inarudi kuwa ya saruji na majembe. Posta ikileta sidii nyingine itakuwa baada ya miezi, na za posta hazina kazi yao ndani yake. Akaniuliza kama na ile ya kwenye koti nimeipeleka Dakawa.

Nikasema, "Nilichukua zote."

Neno hilo lilinitoka lenyewe, na nilipoona uso wake nikaona sasa mimi ndiye mwenye kitu anachokitaka. Ulikuwa umepita muda mrefu sana sijawa hivyo.

Asubuhi ya Jumamosi tukaenda Dakawa, yeye na mimi, na mwalimu naye, bado amepauka kwa malaria. Mume wangu akashika upande wa mfereji, sisi wawili tukaingia majarubani. Mwalimu alifunga gauni kiunoni, akashika viatu mkono mmoja, akaingia kwenye tope hadi magotini. Kila akifika penye fito anashusha sidii, anaifuta kwa kiganja, anaigeuza kutafuta wino mwekundu, anaitia kapuni, anakwenda nyingine. Mtu wa darasani, hajui kutembea kwenye tope. Alianguka mara mbili. Mimi natembea nyuma yake, najua ile anayoitafuta iko chumbani kwangu, ndani ya gunia nililolishona kwa mkono wangu. Nikawa namwelekeza, bado kuna nyingine kule mwisho.

Kule mwisho akakaa juu ya tuta.

Akasema, "Mama, marehemu mume wangu alikuwa fundi redio. Toka afe, nyumba yangu ina ukimya wa ajabu. Nikimsikia fundi anagombana na bisibisi, moyo unatulia. Ni hilo tu. Lakini lipo, sitakuficha."

Nilitegemea aape. Mwanamke anayeapa unajua pa kumshika. Huyu alinipa mkononi kile kile nilichokuwa nakitafuta, na mimi nikakosa pa kukiweka. Nikamwambia jambo dogo, maana kubwa lilinishinda.

"Kanga yangu nirudishie."

"Kanga ipi, mama?"

"Iliyofunika kompyuta yako."

Akashika mdomo. "Ile? Fundi aliifungia kompyuta isije ikanyeshewa njiani. Nilimuuliza niirudishe, akasema niifunikie vumbi, ni tambara tu la nyumbani."

Tambara. Niliivaa siku ya ndoa ya binti yake. Nilisimama katikati ya majaruba nikamtazama mzee wangu kule mferejini, ameinama, makalio juu, anapekua majani. Mwanaume aliyeniona na doti ile, akala pilau ya siku ile, akasema nimependeza, halafu akaichomoa sandukuni bila kutazama na kuifungia bati. Hakumgawia mwanamke nusu ya doti. Hata hakujua kama ni doti. Sijui lipi lilinichoma zaidi. Hata leo sijui.

Tulirudi na kapu limejaa sidii za matope na mavi ya ndege, na wino mwekundu haumo. Mwalimu alishukia Mazimbu, tope limekaukia miguuni. Mume wangu alifika akakaa barazani, pale pale alipokaa ile miaka. Akaweka mikono magotini. Hakuchambua mchele. Hakufungua redio.

Nilikuwa nimemtaka arudi barazani. Sasa amerudi, na aliyerudi alikuwa ameshazimika.

Nikaingia ndani, nikachukua kisu, nikakata mshono wa gunia. Nikachimba kwa mkono mpaka kwenye kiwiko. Sidii ikatoka safi, na punje mbili tatu zimeng'ang'ania kitambaa. Nikaenda nikampa.

Akaitazama. Akanitazama. "Ilikuwa wapi?"

"Kwenye mpunga. Nilidhani ni barua."

"Barua ya nani?"

"Nisomee."

Akasoma, kidole chini ya maneno, polepole, kama nilivyofundishwa ngumbaru: *Nakala ya mwisho, ya darasani. Usiweke juani.* Ilikuwa hivyo tu. Nikamwambia, "Na kanga yangu si tambara. Niliivaa wewe ukiozesha. Ukitaka cha kufungia bati lako, mimi nipo, niulize." Kwanza aliona aibu, nilimwona, halafu furaha ikaipita aibu. Akachukua baiskeli, akaenda Mazimbu. Chai niliyokuwa nimeshaimimina hakuigusa.

Nilikaa na ile chai. Sidii nimeitoa kwa mkono wangu, na amekimbia nayo kwa mwalimu. Nilihesabu milio yote ya kengele za baiskeli iliyopita barabarani. Kabla ya magharibi akarudi, amebeba kanga imefuliwa, imepigwa pasi ya mkaa, imefungwa gazeti. Akaiweka juu ya gunia, akakaa kuchambua mchele.

Jumatatu kamati ilikuja, kompyuta ziliwaka, stoo ikabaki kuwa darasa. Mimi nilikaa benchi la nyuma nimevaa doti yangu kamili. Mwalimu aliposimama kushukuru alisema "fundi wetu", na hilo "wetu" lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki. Hakuna aliyetaja ndege.

Mabinti ninaowafunda siku hizi siwaambii tena waukalie wivu. Nawaambia waende wakakae pale kitu kilipo. Jumamosi iliyofuata mwalimu alipofika, alinikuta mle chumbani, juu ya gunia la mpunga nililolirudisha pembeni, ungo mapajani. Wakaanza kazi. Mwanzo walinyamaza, kama kawaida yao, wakisubiri nitoke. Sikutoka. Nikatoa mawe kwenye mchele, moja, jingine, mpaka wakachoka kunyamaza wakaanza kuongea. Katika maneno kumi nilielewa moja.

Mume wangu akainamisha kichwa ndani ya kasha, akanyoosha mkono nyuma bila kutazama. "Nishikie tochi hapa."

Hakusema nani. Mwalimu alikuwa karibu zaidi, na mkono wake ulishatangulia. Ungo ulianguka, mchele ukamwagika sakafuni kote. Tochi niliishika mimi.